Soko Kando ya Kaburi la Kilonzo

Kyandula, Alhamisi, 3 Oktoba 1935

Mvua bado. Upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya mtungi wa maji.

Leo Muthama amerudi kutoka boma la Kitui amevaa koti jipya la kaki lenye vifungo vya shaba. Amewakusanya watu barabarani na kutangaza kwamba soko litaondoka ng'ambo ya mto na kuhamia juu kilimani, kando ya njia ya Migwani. "Nimefikiri sana," akasema, "nikaona hapa ndipo panapofaa." Amefikiri! Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na mzigo wa kuni. Sikupiga.

Kilima kile alikisafisha Kilonzo, mume wangu, alipokuwa hedimani wetu, msimamizi wa kijiji chini ya chifu. Alikuwa aking'oa visiki jioni, baada ya kazi ya barabara. Nikimpelekea uji aliunywa amesimama, mguu mmoja juu ya kisiki, kama mtu aliyeua simba. Mwezi wa tano homa ya kifua ilimchukua. Tulimzika pale pale, mahali shamba letu linapopakana na kile kiwanja, kwa jeneza na nyimbo, kama watu wa misheni wanavyozikwa. Mwezi wa saba Muthama akapewa kazi yake. Sasa anapewa na kilima.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha Kilonzo aliyoniandikia aliponichumbia. Kikamba alisema ni cha kusemea, Kiswahili cha kuandikia. Sikubishana naye wakati ule, na sasa siwezi tena.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jua. Mbuzi mmoja amekataa kula.

Alhamisi, 10 Oktoba

Soko la ng'ambo. Mto ni mchanga mtupu, tumevuka bila kulowa hata kisigino. Nimeuza kunde zilizobaki za mwaka jana.

Kalunde, mke wa Muthama, aliketi karibu nami kama siku zote. Tulisoma misheni pamoja, tukafundishwa kushona na Mzungu yule yule aliyetupiga vidole kwa rula. Alikuwa analalamika.

"Dada Syokau, huyu mwanamume atanimaliza. Koti lile halilazwi chini, litachafuka. Halitundikwi msumarini, litatoboka. Halianikwi juani, litapauka. Sasa nilifanyeje, nilibebe mgongoni?"

"Linyonyeshe," akasema mmoja, na wanawake wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Lakini nilipofika nyumbani nilitazama msumari uliokuwa wa kofia ya Kilonzo, na wivu ukanishika. Silionei wivu koti. Naonea wivu kule kulalamika. Na mimi nilikuwa na mtu wa kulalamikia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Muthama amekuja jioni, akasimama mbali na mlango kwa heshima.

"Hodi, mama Muli."

"Karibu, hedimani."

"Leo sikuja kama hedimani. Nimekuja kama Muthama tu."

"Basi koti libaki nje."

Akacheka, akalivua kweli, akalikunja na kuliweka magotini. Nilitamani asingecheka. Ni vigumu kumchukia mtu anayecheka vizuri.

Shida yake naijua, kijiji kizima kinaijua. Watu wa hapa, penye kaburi jipya hakuna anayeweka chakula chini mpaka mwenye maiti atangulie, aketi pale na kula mbele ya watu. Hata wale wa kanisani, wanaosema hayo ni mambo ya zamani, husimama kando na kungoja. Na kiwanja kile kiko hatua chache tu kutoka kwa Kilonzo.

"Ukiketi wewe Alhamisi moja tu, wote wataketi," akasema. "Mwezi wa kwanza Bwana DC anakuja kutazama. Akikuta soko, atatupa mnada wa mbuzi. Akikuta majani, mnada utabaki Migwani, na mama zetu wataendelea kuamka na jogoo wa kwanza kupeleka mizigo huko. Unajua mwendo ule."

Naujua. Miguu yangu inaujua zaidi.

"Bado naomboleza," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa. "Hilo siwezi kulijibu, mama. Mtu aliyefiwa haharakishwi." Akaenda zake, koti mkononi.

Kweli naomboleza. Lakini sikukataa kwa sababu hiyo. Nimekataa kwa sababu mkono wangu huu ndio utakaomkabidhi kilima cha mume wangu, naye atasimama juu yake na vifungo vyake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua! Imeanza alfajiri, nzito. Kilonzo alizoea kutoka kichwa wazi katika mvua ya kwanza, kisha arudi ndani akitiririka maji na kuuliza kwa ukali, "Nani ameniloanisha?" Muli alipokuwa mdogo alijificha chini ya kitanda. Sasa Muli yuko Makindu, kazi ya reli, na hakuna aliyeloana nyumbani humu ila mimi.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimepanda kunde na mbaazi. Mgongo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimefurahi leo, na sioni haya, au naona kidogo.

Muthama amejaribu kuwaita watu kilimani bila mimi. Alikuwa amepiga mistari ya chokaa: mtama hapa, maharagwe pale, vyungu huku, mbuzi kule. Nilikuwa shambani kwangu namalizia kupanda, naona kila kitu. Wanawake walikuja, wakasimama na mizigo mgongoni, kamba za mizigo zikiwa bado kwenye vipaji vya nyuso. Hakuna aliyetua. Muthama akamshika mkono mama Ndeti, mfinyanzi wetu mzee, akampeleka kwenye mstari wa vyungu. Na mstari wa vyungu ulitazamana uso kwa uso na mstari wa mbuzi. Na mwenye mbuzi alikuwa Musyoka, aliyemwoa binti wa Ndeti!

Mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mtoto wa juzi anajua hivyo. Ndeti alipiga ukelele akajifunika shuka usoni. Musyoka aliinama nyuma ya mbuzi, mbuzi wakatimka, yeye akabaki amechutama katikati ya kiwanja bila pa kujificha, akitazama mbingu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakaenda nyumbani, mizigo yao haijagusa ardhi.

Nilisimama kando ya kaburi. Nikasema, "Umeona?"

Ijumaa, 1 Novemba

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 7 Novemba

Muthama alikuja soko la ng'ambo leo. Nilidhani atajificha wiki nzima. Alikuja akaketi mchangani katikati ya wanawake.

"Mama zangu, Alhamisi iliyopita nilikuwa Mzungu kwa siku moja. Leo nimepona. Niambieni nani hamtazami nani."

Wakaanza kumwambia. Mke mwenza huyu na yule. Baba mkwe wa fulani. Wawili waliogombana kwa sababu ya jogoo. Walichora kiwanja mchangani kwa vidole, punje za mahindi zikawa watu, wakazisogeza huku na huku wakibishana, na Muthama akisema, "Haya, Ndeti amekaa. Musyoka tumtupe wapi? Ukambani kote hakuna nafasi?" Ndeti mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho.

Nilikuwa najitia kupanga kunde zangu.

Kilonzo hangefanya hivyo. Kilonzo angesema, kaeni nilipowaweka. Na alisema. Mwaka juzi aliwaamuru wapande kilimani, wakaja, wakaketi asubuhi moja kwa kuogopa faini, Alhamisi iliyofuata wakarudi ng'ambo. Wakati ule hapakuwa na kaburi pale.

Sipendi nilichokiandika. Lakini sikifuti.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimepita kilimani asubuhi na kumkuta Muthama ameweka kiti kando ya kaburi. Mgongo wake ulikaribia kugusa mawe. Alikuwa anakunywa chai na Mursal, Msomali anayeleta mbuzi kutoka kaskazini.

"Ondoka hapo," nikasema. Sauti yangu sikuijua.

Aliruka akasimama, chai ikamwagika. "Mama Muli, sikuja kumdharau. Nilitaka watu waone kwamba hakuna kinachonidhuru."

"Ukitaka kuona kitu kinachodhuru, kaa tena."

Mursal naye alisimama, akashika kifua. "Samahani, mama. Marehemu nilimjua. Alinifukuza kilima hiki mara mbili, mbuzi wangu walikula katani yake. Wallahi, alikuwa mkali! Lakini maji alinipa kila mara, yeye mwenyewe, kwa ndoo yake."

Sikujua habari ya maji. Niliondoka haraka wasinione nikilia. Hata kumbukumbu ya mume wangu imekaa na kunywa chai na Muthama kabla ya kunifikia mimi.

Soko la ng'ambo niliwaambia wanawake, "Mimi sihami hapa. Mwaka huu wala mwaka ujao." Kalunde alinitazama, kisha akasogeza kikapu chake akaenda kuketi upande wa pili.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Kunde zimeota vizuri. Magugu pia.

Alhamisi, 28 Novemba

Soko. Kalunde amenisalimu kwa kichwa tu. Amevaa gauni la buluu, mshono wa pindo umepinda kama zamani. Nilitamani kumwambia. Sikumwambia.

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika ya jana.

Asubuhi anga letu lilikuwa safi, lakini upande wa milima ulikuwa mweusi. Mto ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Muthama alisimama kivukoni.

"Leo msivuke, mama zangu. Mnayaona mawingu yale. Maji yakija hamtarudi."

Wanawake hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Ningeweza kusema, turudi. Neno moja tu. Lakini alikuwa amevaa lile koti, na alikuwa anasema kweli, na sikuweza kuvumilia vyote viwili. "Mto huu naujua tangu nilipoolewa," nikasema. Nikapandisha nguo nikavuka. Wakanifuata wote, isipokuwa Kalunde.

Mchana tulisikia kabla ya kuona. Sauti kama ng'ombe wengi wanaokimbia mbali. Kisha maji, mekundu, na matawi na mzoga wa mbuzi. Tulisogea juu ya ukingo tukangoja. Jua lilipoanza kushuka maji yalipungua kidogo, na mama Ndeti akasema, "Haya ni ya magoti tu. Nina mjukuu mgonjwa nyumbani, siwezi kulala huku." Nilimshika shuka. Alijitoa.

Hakufika katikati. Aliteleza, na ule mzigo wa vyungu mgongoni, na kamba ikiwa kwenye kipaji cha uso, ukamvuta kichwa nyuma chini ya maji. Mikono yake ilikuwa inatafuta kamba na haiipati. Sisi tulipiga mayowe. Muthama alikuwa upande wa pili, nadhani alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Aliingia na koti lake, na viatu vyake. Maji yaliwapeleka wote wawili mpaka kwenye mzingo, mto unapopinda, na huko akaikata kamba kwa kisu na kumburuta Ndeti mpaka mchangani. Mkono wa mama ulikuwa umevunjika, mfupa unaonekana chini ya ngozi. Lakini alikuwa hai, akitukana vyungu vyake vilivyokwenda.

Muthama alitapika maji ya matope. Alipoweza kusema, alijishika kifuani. Vifungo havikuwapo.

"Kalunde ataniua," akasema.

Watu waliokuwa upande wake wakalia na kucheka pamoja, wakatupigia kelele maneno yake, na sisi wa ng'ambo tukacheka pia, maji yakiwa kati yetu.

Mungu anisamehe ninachoandika. Hata pale, na Ndeti amelala mchangani, niliona jinsi watu walivyomtazama Muthama, na nikaona wivu. Mimi niliyempeleka yule mama majini nilisimama nikaona wivu juu ya mtu aliyemtoa. Hakuna aliyemtazama Kilonzo hivyo ila mimi.

Tulivuka asubuhi, tumeshikana mikono. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa afadhali.

Jumapili, 8 Desemba

Nimempelekea Ndeti uji. Mkono umefungwa kwa vijiti. Nililia.

"Usililie juu ya uji wangu," akasema, "chumvi imetosha."

"Mama, mimi ndiye niliyekuvusha. Kaburi lile nililifanya kisingizio."

"Kaburi gani? Unadhani tulikuwa tunakufuata kwa sababu ya kaburi?" Alinitazama kama ninavyotazama watoto wa shule ya Jumapili. "Umefiwa. Mtu aliyefiwa hatumwachi akae peke yake. Ungepanda mti ukaketi juu, tungepanda. Na mimi na mifupa hii ningepanda."

Akanywa uji kidogo.

"Lakini sasa shuka, binti yangu. Tumechoka huko juu."

Alhamisi, 12 Desemba

Hakuna soko. Si ng'ambo, si kilimani. Watu wamekaa nyumbani na vitu vyao. Kunde zimeanza kutoa maganda.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya kanisa nilikwenda kwa Muthama. Alikuwa nyuma ya nyumba akichonga mpini, amevaa shati lililopasuka kwapani. Kalunde aliniletea kigoda.

"Nitaketi Alhamisi," nikasema.

Aliacha kuchonga. "Asante, mama."

"Bado. Bwana DC atakapokuja na kuuliza nani aliyefikiri soko hili, nani aliyesafisha kilima, utamwambia nini?"

Nilimpa nafasi. Akapuliza vumbi la mti kutoka mkononi.

"Nitamwambia ni mimi."

Kalunde akasema, "Wewe!"

"Nisimdanganye mama Muli ndani ya nyumba yangu," akasema. "Kilonzo hawezi kupandishwa cheo tena. Mimi naweza. Nina watoto, na nataka kuwa chifu. Nitasema ni mimi."

Nilisimama niondoke. Kalunde alinifuata mpaka kwenye boma la miiba, akanishika mkono. "Dada, ni mjinga. Lakini ni mjinga wa kweli."

"Najua," nikamwambia. "Wangu alikuwa hivyo hivyo, ila hakucheka." Tukasimama tumeshikana. Kisha nikamwambia pindo la gauni lake limepinda. Akasema anajua, alikuwa anangoja nimwambie.

Alhamisi, 19 Desemba

Nilipanda kilimani mapema na kikapu cha kunde mbichi na isyo kidogo, mahindi na maharagwe ya jana, kwenye kibuyu. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika. Walisimama na mizigo yao. Muthama alikuwa mbali, karibu na mbuzi.

Nilikwenda kwa Kilonzo kwanza. Sikumwambia maneno mengi. Nilimwambia sifanyi hivi kwa ajili ya yule. Kisha nikaona si kweli kabisa, nikamwambia hilo pia.

Nikatua kikapu. Nikaketi. Nikala isyo, baridi, mbele ya watu wote, na haikushuka vizuri, lakini ilishuka. Ndeti akaja na mkono wake kifuani, akaketi ubavuni kwangu ingawa hakuwa na cha kuuza. Kisha nikasikia mizigo inatua, huku, kule, nyuma yangu. Sikugeuka.

Mpaka saa nne hata njia ya kupita haikuwapo. Kila mtu alikaa pale alipopangwa na zile punje za mahindi. Mwishoni mwa kiwanja nilimwona Musyoka ametugeuzia mgongo, anauza mbuzi akiangalia Migwani.

Lilikuwa soko zuri. Liliniuma jinsi lilivyokuwa zuri.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Muli amekuja kutoka Makindu na sukari. Anang'ata sukari kwanza, kisha anakunywa chai, kama baba yake.

Alhamisi, 16 Januari 1936

Bwana DC amekuja na karani wake na mbwa. Alitembea katikati ya vyungu na vikapu, akahesabu mbuzi wa Mursal kwa macho, akauliza nani aliyeanzisha kazi hii.

"Mimi, Bwana," akasema Muthama. Alisema kwa sauti kubwa. Kisha alinitazama mara moja tu, jasho limemshuka kwenye mashavu.

Bwana DC alimpa mkono. Mnada wa mbuzi utakuwa hapa. Wanawake wakapiga vigelegele. Kalunde alikuwa anatazama ardhi.

Kisha Bwana DC akasimama mbele yangu, na karani akanitafsiria. "Anauliza, mama, wewe waonaje soko hili?"

Kaburi liko pale, mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Muthama alikuwa amefumba macho kama mtu anayengoja dawa chungu.

Nilimwangalia Ndeti, na akina mama waliotoka mbali na watoto migongoni, jua likiwapiga utosini.

"Mwambie ni zuri," nikasema. "Lakini maji hakuna. Mwambie watuchimbie kisima hapa juu, kabla mto haujakauka."

Karani akasema kwa Kiingereza. Bwana DC akamwambia aandike.

Muthama alipita karibu nami. Alichukua kopo langu la kupimia kunde lililokuwa limelala ubavu, akalisimamisha wima, akaenda zake.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua imekwisha kabisa. Nimevuna kunde, mbaazi bado sana.

Nilikutana na Mursal barabarani na punda wake, anaelekea Migwani. Alikuwa na chumvi ya mawe ya mbuzi, na mimi nilikuwa sina mfuko.

"Nikuletee wapi, mama?"

"Niletee Alhamisi," nikasema, "Kwa Muthama."

Alikwenda. Mimi nikasimama njiani. Wanawake wote wanapaita hivyo pale sokoni siku hizi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba kinywa changu hakitapaita. Jina limetoka lenyewe, bila kuniuliza. Nilingoja liniume, na liliniuma, pale pale panapouma siku zote.

Kisha nikakumbuka kwamba sikumwambia ni chumvi kiasi gani. Nikashika nguo nikamkimbilia, nikimwita kwa nguvu asimame.